Somo la 7: Kisiki Bado Kina Uhai

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Ayubu 14:7–15, Isaya 11:1–5, 2 Wafalme 4:1–7, Luka 14:28–30, Mithali 13:23, Amosi 8:4–6, Nehemia 5:1–13, Walawi 25:35–38, Matendo 9:36–42.

Fungu la Kukariri: Ayubu 14:7. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi ya juma hili, na ulikariri pamoja na familia yako.

Anayesafiri kutoka Dodoma mjini kuelekea Chamwino, Mvumi au Bahi katika mwezi wa Oktoba huona nchi iliyokauka. Katika uwanda huu wa kati mvua hunyesha msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na kwa wastani ni milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka. Miezi mingine yote ni jua na upepo. Katika mashamba mengi kumebaki visiki. Miti ilikatwa ili kupata shamba, kuni na mkaa. Mara nyingi aliyeikata hakuwa tajiri. Alikuwa baba au mama aliyehitaji fedha ya unga jioni ileile. Gunia la mkaa liliilisha familia kwa siku chache, na shamba likabaki dhaifu kwa miaka.

Kisha hufika Januari na Februari, wakati ghala ni tupu na mazao mapya bado ni mabichi. Ndipo mlango wa mzee wa kanisa unapobishwa. Mtu anaomba debe moja la mahindi. Kanisa linampa, na linafanya vema. Lakini Januari inayofuata mtu yuleyule anabisha mlango uleule, naye anaona haya kuliko mwaka uliopita.

Je, Maandiko yana neno gani kwa mtu huyo, na kwa kanisa linalomfungulia mlango? Juma hili tutaona kwamba Mungu anaamuru wenye njaa walishwe, na tena anaamuru wainuliwe wasimame kwa miguu yao. Amri ya pili haiifuti ya kwanza.

JUMAPILI
Tumaini la Mti Uliokatwa

Soma Ayubu 14:7–15. Ayubu anaona nini katika mti uliokatwa? Kwa nini jambo hilo linamwumiza kwanza, kabla halijawa sala?

Ayubu alikuwa amepoteza mali, watoto na afya. Anapokitazama kisiki anakionea wivu. Mizizi yaweza kuzeeka ardhini na shina likaonekana limekufa, lakini maji yakikaribia tu, mti huanza upya. Mwanadamu je? Akilala kaburini haamki kwa nguvu zake mwenyewe. Hata hivyo, kuanzia fungu la 13 maombolezo yanageuka kuwa ombi: Ayubu anamwomba Mungu amwekee wakati, amkumbuke na kumwita. Kisiki kimemfundisha kuomba ufufuo.

Miaka mingi baadaye Isaya alichukua picha hiyohiyo. Nyumba ya Daudi ingekatwa hadi chini, lakini katika kisiki cha Yese lingetoka chipukizi (Isaya 11:1). Tazama fungu la 4 linavyoeleza kazi ya Mfalme huyo. Atawaamua maskini kwa haki. Kwa hiyo kumtetea maskini si kazi ya pembeni kwa watu wa Masihi. Imetajwa katika unabii uleule unaotangaza kuja kwake.

Wakulima wengi wa Dodoma leo wangemwelewa Ayubu mara moja. Tangu mwaka 2018, taasisi ya LEAD Foundation, ikishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, imekuwa ikieneza vijijini njia inayoitwa Kisiki Hai. Haihitaji miche wala fedha nyingi. Mkulima huchagua kisiki chenye machipukizi shambani mwake. Huacha machache yaliyo bora na kuyakata mengine. Huyapogolea matawi ya chini, hufunga alama ya kitambaa ili kila mtu ajue kwamba mti huo unatunzwa, kisha huulinda dhidi ya mifugo na mapanga. Kwa kuwa mizizi imekwisha kwenda chini kwenye unyevu, chipukizi hukua haraka kuliko mche uliotoka kitaluni.

Njia hii ilienea sana kwanza huko Niger. Mwaka 1983 mmishonari kutoka Australia, Tony Rinaudo, alikuwa amechoka kupanda miche iliyokufa mwaka baada ya mwaka. Siku moja alisimamisha gari ili apunguze upepo wa matairi lipate kupita mchangani. Akakitazama kichaka kilichokuwa karibu na kuyatambua majani yake. Hakikuwa kichaka. Kilikuwa mti uliokatwa, unaochipuka tena. Akaelewa kwamba chini ya mchanga ule kulikuwa na msitu mzima uliosubiri kuachwa ukue. Kwa muda wa miaka kama 20, wakulima wa Niger wenyewe walirudisha miti katika zaidi ya hekta milioni 5.

Miti ikirudi, upepo hupungua nguvu shambani, majani hurutubisha udongo, mbuzi hupata malisho, na mama hapotezi nusu ya siku akitafuta kuni. Huku ni kuitii kazi ya kwanza aliyopewa mwanadamu, ya kuilima nchi na kuitunza (Mwanzo 2:15).

Ni mtu gani katika jirani yako ambaye wengi wamekwisha kumhesabu kuwa amekufa, kiuchumi au kiroho? Ni dalili gani za uhai huenda Mungu anaziona kwake ambazo wewe hujazitazama?

JUMATATU
Una Nini Nyumbani?

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Elisha anamwuliza mjane maswali gani mawili kabla muujiza haujatokea? Kwa nini maswali hayo ni ya muhimu?

Mama huyu alikuwa mke wa mmoja wa wana wa manabii. Mumewe alimcha Mungu, lakini alikufa akiwa na deni. Sasa mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Zingatia jambo hili: umaskini wake haukutokana na uvivu wala dhambi ya siri. Uliletwa na kifo na deni. Wapo wengi kanisani wanaotafuta kosa la maskini kwanza kabla ya kumsaidia. Elisha hakufanya hivyo.

Anamwuliza anataka afanyiwe nini. Kisha anamwuliza ana kitu gani nyumbani. Jibu la mama linaanza na "sina kitu", na ndivyo kila aliyeelemewa hujibu. Lakini halikuishia hapo. Alikuwa na chupa ya mafuta. Mungu alianzia pale.

Angalia na mambo mengine. Majirani walitakiwa kuazima vyombo vitupu, kwa hiyo jamii yote ilikuwa na sehemu. Wana wake walifanya kazi pamoja na mama yao, mlango ukiwa umefungwa, wasifanywe kuwa maonyesho ya watu. Na mwishoni nabii hakuchukua biashara mikononi mwake. Mama aliuza mwenyewe, akalipa deni, na kilichobaki kikawa riziki ya nyumba yake.

Katika nyumba ya Dodoma swali la Elisha huwa na majibu mengi kuliko inavyodhaniwa. Kuna mtama na uwele, mazao yanayostahimili ukame kuliko mahindi, ingawa siku hizi watu wengine huyaita chakula cha maskini. Kuna alizeti inayokamuliwa mafuta. Kuna zabibu, ambazo hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kuna mibuyu na mikwaju isiyodai kupaliliwa. Kuna kuku wa kienyeji, na kuna bibi anayejua mbegu ipi ipandwe mvua ikichelewa.

Watu wa pwani nao wana jibu lao. Tangu mwaka 1989 wakulima wa mashariki ya Unguja, wengi wao wanawake, wamekuwa wakilima mwani katika maji ya kina kifupi. Bei ya mwani mkavu ni ndogo, na joto la bahari limeharibu aina ile yenye bei nzuri zaidi. Baadhi ya akina mama hao wameanza kuusaga mwani na kutengeneza sabuni, ili jasho lao lisiuzwe likiwa ghafi. Chupa ya mafuta ya kila mahali ina umbo lake.

Msaidizi asiyeuliza swali la Elisha hufika na jibu lake mkobani. Huleta alichonacho yeye, na haoni alichonacho mwenye nyumba.

Mara ya mwisho ulipomsaidia mtu, ulimwuliza maswali gani? Je, alipata nafasi ya kukueleza anachoweza, au alieleza tu anachokosa?

JUMANNE
Kuhesabu Gharama

Soma Luka 14:28–30. Yesu alikuwa akizungumza juu ya gharama ya kuwa mwanafunzi wake. Mfano huu unaweza kutufundisha nini kuhusu kazi tunazoanzisha kwa ajili ya wengine?

Uwanda wa kati una mnara wake ambao haukumalizika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia, na wataalamu waliotembelea Tanganyika kwa majuma machache tu walishauri kulima zaidi ya ekari milioni 3. Trekta zikaletwa, nyingi zikiwa zimetumika vitani. Mapori ya Kongwa yakazivunja. Udongo wenye mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama tofali, karanga zikawa hazing'oki. Mvua zikawa chache, kama wenyeji walivyojua kwamba huwa chache. Mwezi Januari 1951 mpango ule mkubwa ulitangazwa kuwa umeshindikana, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimepotea.

Fedha zilikuwapo, na mitambo na bidii vilikuwapo. Lakini mkulima wa Kigogo, ambaye baba zake walijua mvua na udongo wa mahali pale kwa vizazi vingi, hakuketi mezani wakati wa kuhesabu gharama.

Kuna kisa cha pili, kigumu zaidi kukipima. Katika vilima vya Kondoa Irangi udongo ulikuwa umemomonyoka hadi kubaki makorongo. Mwaka 1973 Serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Nchi ilipona. Nyasi na miti vilirudi kwa haraka iliyowashangaza wengi. Lakini familia zilizoamka asubuhi bila ng'ombe zilikosa maziwa, samadi na ng'ombe wa kulimia. Miaka kama kumi baadaye ndipo ng'ombe wa maziwa waliofungiwa na kulishwa zizini waliporuhusiwa, na watu wakaanza kupata faida kutoka katika nchi iliyopona.

Je, tunajifunza nini? Kongwa inaonya kwamba nia kubwa bila maarifa ya mahali huleta hasara. Kondoa inaonya kwamba hata jambo jema, likiamriwa bila kuwahesabia maskini gharama yao, hulipwa na maskini. Kanisa dogo nalo linaweza kujenga Kongwa yake: kisima kisicho na fundi wa kukitengeneza, cherehani zilizofungiwa stoo, kuku wa kisasa waliokufa wote kwa sababu hakuna aliyeuliza chakula chao kitatoka wapi.

Kristo mwenyewe hakutuokoa kwa mbali. Neno alifanyika mwili na kukaa katikati yetu (Yohana 1:14). Alitembea miaka thelathini katika vumbi la Galilaya kabla ya kuanza kufundisha hadharani.

Orodhesha kazi moja ya huruma iliyoanzishwa na kanisa lako ikafa. Bila kumlaumu mtu, ni swali gani lilipaswa kuulizwa mwanzoni?

JUMATANO
Shamba la Maskini na Mizani ya Tajiri

Soma Mithali 13:23 na Amosi 8:4–6. Kwa mujibu wa mafungu haya, kwa nini mtu anaweza kulima kwa bidii na bado akalala njaa?

Mwenye hekima anasema kwamba shamba la maskini lina uwezo wa kutoa chakula kingi, lakini chakula hicho huondolewa na udhalimu. Ukame ni wa kweli, lakini hautoshi kueleza njaa yote. Wagogo wanaikumbuka njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 kwa jina la Mtunya. Mvua ilikosekana, ndiyo. Lakini kabla ya hapo majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka na ng'ombe, na kuwachukua vijana wawe wapagazi. Ukame ulipofika, ulikuta nyumba zimekwisha kuporwa. Maelfu walikufa.

Leo uporaji unaweza kuvaa nguo za biashara. Fikiria mkulima aliyevuna magunia sita mwezi Juni. Ana deni dukani na karo ya mtoto. Anauza manne wakati ambapo kila mtu anauza na bei iko chini. Mnunuzi anadai lumbesa, gunia lililoongezwa kichwa juu, kwa bei ya gunia la kawaida. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, lakini mkulima mwenye shida hana nguvu ya kubishana. Mwezi Januari anarudi sokoni kununua mahindi, pengine yaleyale aliyoyauza, kwa bei kubwa zaidi. Wengine huuza mazao yakiwa bado mabichi shambani. Wengine huangukia mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu.

Amosi aliwajua wafanyabiashara hao. Waliitunza Sabato kwa nje, lakini walihesabu saa wakingoja jua lizame, wapate kufungua ghala, kupunguza kipimo na kuongeza bei. Huu ni ujumbe mzito kwa watu wanaoipenda Sabato. Kanisa linaweza kufunga duka Ijumaa jioni kwa uaminifu na kulifungua Jumapili kwa mizani ya udanganyifu. Mungu wa siku ya saba ni Mungu wa kipimo pia (Walawi 19:35, 36).

Soma Nehemia 5:1–13. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na waliowadai walikuwa ndugu zao. Nehemia alikasirika, lakini pia alijihesabu pamoja na waliokopesha (fungu la 10). Kisha akataka mambo yanayopimika: mashamba yarudishwe na riba iachwe, siku hiyohiyo.

Yapo mambo ambayo familia na makanisa wanaweza kuyafanya bila kungoja mtu kutoka nje. Wakulima wanaweza kuuza pamoja, wakiwa na mizani yao, katika soko kubwa kama la Kibaigwa. Wanaweza kuhifadhi nafaka katika mifuko isiyopitisha hewa au vihenge vya bati, ili wadudu wasiwalazimishe kuuza mapema. Yusufu aliokoa taifa kwa ghala zilizojazwa wakati wa neema (Mwanzo 41:47–49). Na mwumini mwenye duka anaweza kuamua kwamba hatanunua lumbesa tena.

Kama Nehemia angekuja katika kijiji au mtaa wako, angekasirishwa na jambo gani? Je, ungekuwa upande wa wanaolia au wa wanaodaiwa majibu?

ALHAMISI
Mkono Unaoshika Mkono

Soma Walawi 25:35–38. Mwisraeli alitakiwa afanye nini ndugu yake alipoanza kuanguka? Mungu alitoa sababu gani?

Amri hii inamhusu mtu ambaye mkono wake umelegea, lakini bado hajafika chini. Ndugu yake anatakiwa amshike ili aendelee kuishi katikati yao. Asimtoze riba wala asimfanyie faida katika chakula. Sababu ni ukombozi: Mungu aliyewatoa Misri ndiye anayeamuru. Anayemwinua mwenzake anakumbuka kwamba naye aliinuliwa.

Wagogo wana desturi ya zamani ya mwenye mifugo kumkabidhi mwingine ng'ombe amtunzie. Mtunzaji hupata maziwa na samadi, na mwenye mali hapotezi kundi lote ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja. Desturi ya kopa mbuzi, lipa mbuzi inafanana na hiyo. Familia hupewa mbuzi jike, na mtoto wa kike wa kwanza hupewa familia inayofuata. Aliyepokea jana anakuwa mtoaji leo, na katika badiliko hilo kichwa kilichoinama huinuka.

Vivyo hivyo kwa vikundi vya kuweka na kukopa. Mfumo huu uliandaliwa mwaka 1991 na shirika la CARE kwa wanawake wa Maradi, Niger, eneo lilelile ambako visiki vilichipuka. Tanzania wengi wanavijua kwa jina la VICOBA. Wanachama hununua hisa kila juma, fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mwisho wa mzunguko wanachama hugawana akiba na faida. Usalama wake ni kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kufungua peke yake, na kila hesabu husomwa mbele ya wote.

Hata hivyo, wako ambao hawataweza kujiunga. Kikongwe asiyeona, mgonjwa wa kitandani, mtoto anayelea wadogo zake: hawa wanahitaji chakula, na watakihitaji mwakani. Maneno ya Paulo katika 2 Wathesalonike 3:10 huwekwa wakati mwingine mlangoni ili kuwafukuza. Lakini Paulo aliwasema wasiotaka kufanya kazi, si wasioweza wala walioitafuta wakaikosa. Kumbukumbu la Torati 15:11 inakubali kwamba maskini hawatakoma nchini, na kwa sababu hiyohiyo inaamuru mkono ufunguliwe.

Soma Matendo 9:36–42. Dorkasi alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakimwonyesha nguo alizowashonea. Kila nguo ilikuwa na mwili ilioupima. Alimjua kila mjane kwa urefu wa mkono wake. Msaada wa kudumu huanza kwa kumjua mtu namna hiyo.

Je, kuna mtu ambaye amewahi kukupokea msaada tu, ambaye ungeweza kumpa nafasi ya kuwa mtoaji? Ungeanzaje bila kumwaibisha?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma tena Ayubu 14:7–15 pamoja na Isaya 11:1–5, ukiziweka sura hizi mbili sambamba. Katika kitabu chake Huduma ya Uponyaji, kilichochapishwa mwaka 1905, Ellen G. White aliwaelekeza waumini kwenye sheria za Mungu kwa Israeli kuhusu ardhi, na akasisitiza kwamba maskini wengi wangesaidiwa zaidi kwa kufundishwa kilimo na kazi za mikono ili wajitegemee. Alitaka msaada uhifadhi heshima ya mtu.

Juma hili tumeona mashauri manne. Tazama kwanza kilicho hai. Uliza mtu ana nini. Hesabu gharama pamoja na atakayeilipa. Ondoa udhalimu unaokula mavuno. Hakuna hata moja linaloweza kufanywa na mtu anayemwogopa maskini au kumdharau.

Tena, mkulima wa Kisiki Hai halazimishi mti kukua. Anakata kinachouzuia, anaweka alama, anaulinda, na anangoja. Uhai umetoka kwa Mungu. Ndivyo ilivyo kwa kanisa linalosaidia familia kusimama. Na hata kazi hiyo ikifanikiwa yote, shamba likawa na kivuli na ghala likajaa, bado mwenye shamba atakufa siku moja. Ndiyo sababu Ayubu hakuishia kwenye mti. Chipukizi la Yese alikatwa naye, akawekwa kaburini, na siku ya tatu akatoka. Kwa ajili yake tunaweza kumwambia jirani kwamba shamba lake lina tumaini, na kwamba yeye mwenyewe ana tumaini lililo kubwa kuliko la mti.

Maswali ya Kujadili

1. Mtu anakuja kuomba chakula mwezi Februari kwa mwaka wa tatu mfululizo. Darasa lenu litamfanyia nini juma hili, na litafanya nini pamoja naye kabla ya mvua ya Desemba? Jibuni maswali yote mawili.

2. Walawi 25:36, 37 inakataza kumtoza riba ndugu aliyeanguka. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hutoza riba ambayo hurudi kwa wanachama wenyewe kama faida. Je, kuna tofauti kati ya riba hiyo na kausha damu? Mwanachama akifiwa au shamba lake likikauka, kikundi cha Kikristo kimfanyie nini?

3. Maskini hukata miti ili ale, na kukatwa kwa miti humfanya awe maskini zaidi. Kabla ya kumlaumu anayechoma mkaa, zungumzeni: nani anaununua? Ninyi mnapikia nini?

4. Someni Amosi 8:5 mkiwa kama watu wanaotunza Sabato. Ni mambo gani ya kibiashara ya siku sita yanayoweza kuifanya ibada yetu ya siku ya saba isipendeze mbele za Mungu?

5. Tembeleeni shamba lililo karibu na kanisa lenu mkatafute kisiki kilicho hai. Mkikipata, someni Ayubu 14 mkiwa mmekizunguka, mwombeni mwenye shamba ruhusa ya kukipogolea pamoja naye, na mumwombee yeye na nyumba yake.